Ubao Mlangoni mwa Karakana

Makambako,
8 Februari, 1954

Shemeji Efraimu,

Salamu katika Bwana. Sisi hapa ni wazima. Dada yako Hulda ana kikohozi kidogo cha mvua hizi, lakini si cha kutia hofu.

Anayekuletea barua hii ni Nahumu mwenyewe. Wewe u mjomba wake na umemjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, lakini humjui kama mwanafunzi. Nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu. Hana wepesi wa kukariri. Katika hesabu za kichwa alikuwa wa kati. Ila ana jambo moja ambalo mimi sikumfundisha: kila kitu kilichosimama anataka kujua kimesimama kwa nini. Kanisani wenzake wakifumba macho, yeye huzitazama kenchi za paa. Nilimchapa kwa ajili hiyo. Siku moja baada ya fimbo aliniuliza, machozi yakiwa bado usoni, "Baba, paa lote hili linazisukuma kuta. Mbona hazifunguki kwenda nje?" Niliiweka fimbo chini.

Nataka awe fundi wa madaraja. Barabara zinafunguliwa kila upande, na wajenzi huletwa kutoka mbali. Sioni sababu ya mmoja wao kutotoka katika nyumba hii.

Wewe sasa ni mwalimu msaidizi katika shule hiyo ya ufundi, na zamani ulikuwa mwanafunzi wangu. Nakuagiza basi kama nilivyokuwa nikikuagiza: usimpendelee kwa sababu ya undugu, usimwonee kwa kuogopa kusemwa, na uniandikie ukweli mtupu.

Mimi,
Methusela Mgaya


Shule ya Ufundi, Njombe,
27 Machi, 1954

Mwalimu na Shemeji yangu,

Kamwene. Barua nimeipokea, na mleta barua nimempokea.

Uliniagiza ukweli. Juma la kwanza nilimpa Nahumu kazi wanayopewa wageni wote: kuunganisha mbao mbili, ulimi wa moja uingie katika tundu la nyingine. Wenzake walimaliza wakakimbilia mpira. Yeye alibaki. Nikamwambia, "Imetosha, inashika." Akaitikisa karibu na sikio lake, akasema, "Mjomba, inalia." Akaitupa, akaanza nyingine. Hiyo nayo ililia. Iliyofuata ilinyamaza, naye akacheka peke yake. Hakujua kwamba namtazama.

Amepata rafiki, Enoki, Mkinga wa kule Iwawa. Ni kijana mzito wa maneno na wa mikono, lakini akikaza kitu hakilegei. Wanakula sahani moja. Nahumu humwita Bwana Viazi. Enoki humjibu, "Kula polepole, Mbena. Hivyo viazi unavyovicheka ndivyo vinavyokunenepesha."

Iko habari nyingine. Tumeletewa mkuu mpya wa ufundi, Bwana Latimer. Si mtu mbaya: hapigi, hatukani, na hushika msumeno mwenyewe. Alipowaona wanafunzi wakisinzia alasiri, alisema kwamba kijana hawezi kufanya kazi kwa moyo mpaka awe na mtu wa kumshinda. Amewagawa timu mbili na kuzipa majina ya mito, Hagafilo na Ruhuji. Kila mwezi timu zitajenga daraja dogo la mbao juu ya mtaro ulio nyuma ya karakana. Timu itakayomaliza kwanza itapata alama, na ile ambayo daraja lake litabeba mifuko mingi zaidi ya mchanga itapata alama nyingine. Mlangoni mwa karakana umetundikwa ubao mweusi wa kuandikia alama, pamoja na jina la mwanafunzi bora wa mwezi.

Lazima nikiri kwamba mchezo umeleta uhai. Anania wa Mlangali, ambaye nilizoea kumwamsha juu ya benchi, sasa anagonga mlango wa karakana kabla ya kengele. Mimi sikuliweza jambo hilo kwa maneno wala kwa fimbo.

Nahumu amechaguliwa nahodha wa Hagafilo. Enoki yuko Ruhuji.

Shemeji yako,
Efraimu Mlowe


Shule ya Ufundi, Njombe,
2 Mei, 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Msalimie mama. Mimi ni mzima na ninakula.

Nina swali. Jana tulishindana kwa mara ya kwanza. Sisi wa Hagafilo tulimaliza mapema. Tulipogeuka tuliwaona Ruhuji wakihangaika na boriti yao ya pili. Basi tulifanya kama shambani kwenye mgowe. Hakuna aliyesema twende, miguu ilikwenda yenyewe. Tulivuka mtaro, tukashika boriti yao, mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia, tukaitikia, na daraja lao likasimama.

Bwana Latimer akapiga filimbi. Akauliza, "Mnafanya nini huko?"

Anania akamjibu, "Tunamaliza, Bwana."

"Ninyi mmekwisha kumaliza!"

"Bado hawa, Bwana."

Alicheka, kisha akakasirika, kisha akacheka tena. Alisema mchezaji wa mpira hafungi goli langoni mwake mwenyewe. Akafuta alama zetu kwa kuwa tuliwasaidia, akafuta na za Ruhuji kwa kuwa walikubali kusaidiwa. Ubao una sifuri mbili. Enoki ananiambia, "Nahodha, umeongoza vizuri, umetupatia yai na ninyi mmejipatia yai."

Baba, kwetu watu wakialikwa mgowe, aliyemaliza mstari wake hugeuka kumpokea aliye nyuma, na hakuna anayegusa togwa mpaka mstari wa mwisho umefika. Hata wewe ulitugombeza siku ile tulipokaa kabla ya Mzee Hezekia kumaliza. Je, hapa tumekosa?

Mwanao mtiifu,
Nahumu


Makambako,
15 Mei, 1954

Mwanangu Nahumu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwandiko ni mzuri, na nukta umeziweka mahali pake.

Umeuliza kama mmekosa. Mmekosa. Mgowe ni wa shambani. Shambani tunataka chakula, na chakula hakiulizi nani alikuwa wa kwanza. Shuleni mtu hupimwa, na hawezi kupimwa ikiwa mkono wa mwenzake umo ndani ya kazi yake. Mwalimu akiweka sheria, mwanafunzi hana ruhusa ya kuichambua. Ukiambiwa shinda, ushinde. Ukishamaliza kazi yako, kaa chini, usitazame ng'ambo.

Nimewaambia wazee wa kanisa kwamba umekuwa nahodha. Mzee Hezekia akauliza, "Nahodha wa nini, Mwalimu? Makambako hakuna hata mtumbwi." Wakacheka. Nikawaambia kwamba ni nahodha wa madaraja, na kwamba watalisikia jina lako. Usinifanye niwe mwongo.

Mama yako amekutumia soksi. Uzivae.

Baba yako,
Methusela Mgaya


Shule ya Ufundi, Njombe,
21 Agosti, 1954

Mwalimu na Shemeji yangu,

Kamwene. Baridi ya mwaka huu imetupiga. Asubuhi majani ni meupe kama yaliyomwagiwa chumvi, na viazi vya shule vimeungua vyote.

Unalojua tayari ni kwamba Hagafilo wameshinda kila shindano tangu mwezi wa Juni, na jina la Nahumu halijashuka kutoka juu ya ubao. Bwana Latimer anasema hajapata kuona kijana mwenye bidii kama yake. Ni kweli, bidii anayo.

Barua hii nimeianza na kuiacha, maana mtu aliyekuwa akisahihisha insha zangu si rahisi kumwandikia jambo ambalo mimi mwenyewe silioni vizuri. Nitajaribu.

Mchanga huwekwa katikati ya daraja. Nahumu aliligundua hilo mapema kuliko wote. Sasa madaraja ya Hagafilo yana nguvu ya ajabu katikati, na miisho yake imeshikizwa kwa misumari miwili mitatu tu, kwa sababu huko hakuna anayeweka mfuko. Nilimwonyesha nikasema, "Mkokoteni ukipita hapa, gurudumu la kwanza tu litalivunja." Akanijibu kwa adabu, "Hakuna mkokoteni, Mjomba. Kuna mifuko."

Somo la kuchora na kukadiria uzito wa mzigo, ambalo alikuwa akilipenda, siku hizi huingia akauliza, "Hili lina alama?" Nikisema halina, hutazama dirishani. Na si yeye peke yake. Juzi patasi za Ruhuji zilikutwa zimetupwa chooni. Sijui ni nani aliyezitupa, wala simtaji mtu.

Yeye na Enoki hawali tena sahani moja. Sikusikia ugomvi wowote. Nahumu aliniambia kwamba nahodha hakai na watu wa ng'ambo.

Labda ni mambo ya ujana, nayo yatapita. Kama ungemwandikia neno, yeye hukusikiliza wewe kuliko sisi sote.

Shemeji yako,
Efraimu Mlowe


Makambako,
4 Septemba, 1954

Shemeji,

Nimepokea barua yako, na sikupendezwa nayo.

Umejaza ukurasa mzima kwa "labda" na "sijui". Ulipokuwa mwanafunzi wangu nilikukataza kuandika hivyo. Kijana anashinda kila mwezi, mkuu wake anamsifu, na wewe mjomba wake umetafuta kasoro katika misumari. Nimefundisha watoto tangu kabla hujajua kusoma. Mtoto asiyepimwa hulala. Wewe mwenyewe uliandika kwamba yule wa Mlangali ameamka. Je, huyo alale tena ili roho yako itulie?

Namwomba Mungu isiwe kwamba unaona vibaya mtoto wa dada yako kukupita katika ufundi wako mwenyewe.

Hulda anakusalimu. Aliposikia barua yako alisema neno moja tu, kwamba Enoki asiachwe kula peke yake. Mimi sikuona linahusu nini.

Methusela Mgaya


Shule ya Ufundi, Njombe,
10 Oktoba, 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nina furaha kubwa. Sasa si mtaro tena! Jumbe wa kijiji kilicho chini ya shule ameomba daraja la miguu, akina mama wapite kwenda sokoni wakati wa mvua. Bwana Latimer amesema tutalijenga sisi. Hagafilo tutaanzia ukingo huu na Ruhuji wataanzia ule, tukutane kwenye nguzo ya katikati. Timu itakayofika kwanza, jina lake litachongwa juu ya nguzo, pamoja na jina la nahodha.

Baba, litachongwa, halitaandikwa kwa chaki.

Nimeshika neno lako. Sitazami ng'ambo.

Mwanao,
Nahumu


Shule ya Ufundi, Njombe,
6 Novemba, 1954

Mwalimu na Shemeji yangu,

Nahumu ni mzima. Naanza na hilo ili Hulda asiogope unapomsomea.

Enoki ameumia. Yuko hospitali ya misheni. Vidole vinne vya mkono wa kulia vimesagika, na daktari amekata viwili. Viwili vilivyobaki havitakunjika.

Ilikuwa hivi. Hagafilo walifika kwenye nguzo ya kati wakiwa wa kwanza. Wakakaa kwenye mwisho wa mbao zao, wakaning'iniza miguu, wakaimba. Walikuwa na haki ya kuimba. Ruhuji walibakiza boriti moja tu, lakini ilikuwa mbichi na nzito, na wenzao wawili walikuwa wamelazwa kwa homa. Enoki alikuwa mbele kabisa, mkono wake mmoja juu ya kichwa cha nguzo na mwingine chini ya boriti. Kati yake na Nahumu palikuwa na urefu wa mkono, si zaidi.

Enoki akasema, "Nahumu, shika hapa."

Anania wa Hagafilo akamtania, "Shika mwenyewe, Bwana Viazi, leo si mgowe!" Wakacheka.

Enoki akasema tena, "Shika, ndugu yangu, inaniponyoka."

Nahumu hakucheka. Nilimwona. Alikuwa amekaa mikono ikiwa juu ya magoti, akitazama mbele yake kama mtu aliye kanisani. Bwana Latimer akapiga kelele kutoka ukingoni, "Msaidie! Msaidie!" Nahumu aligeuza kichwa kumtazama Bwana, kana kwamba hakuamini kuwa hiyo ndiyo sheria. Alipoanza kuinuka boriti ilikuwa imekwisha kushuka.

Jioni nilimwuliza, "Kwa nini hukushika?" Akasema, "Nilikuwa nimemaliza." Nikamwuliza mara ya pili. Akasema, "Mjomba, nilikuwa nimemaliza, na nilikaa chini, na sikutazama ng'ambo." Alilisema kama mtu anayekariri. Sijui neno hilo amelipata wapi. Bwana Latimer anaapa kwamba hakuwafundisha hivyo.

Wewe ndiwe uliyemlea. Ikiwa unajua alikolitoa, niambie, labda nitajua pa kuanzia.

Efraimu Mlowe


Makambako,
20 Novemba, 1954

Shemeji,

Habari imetuhuzunisha. Tumemwombea Enoki kanisani kwa jina. Ninatuma kuku wawili kwa basi la Relwe. Uwapeleke kwake hospitalini, na umwambie wanatoka kwa wazazi wa Nahumu.

Kuhusu neno lile uliloniuliza, mimi sijui alikolitoa.

Hulda anakula jikoni peke yake tangu juzi.

Methusela Mgaya


Makambako,
17 Januari, 1955

Shemeji,

Nahumu amerudi kwenu leo kwa basi. Amekaa nasi Krismasi yote. Alitii kila alichoambiwa, alichota maji, alikata kuni, alisoma Zaburi nilipomwambia asome. Sikumsikia akiuliza swali hata moja. Siku ya pili ya Krismasi watu walicheza bao uani. Hapo alisogea, akacheza mpaka akawashinda wote, pamoja na Mzee Hezekia, ambaye hajashindwa na mtu mwaka mzima. Hezekia akapiga kelele, "Huyu nahodha ni mwizi, mpekueni mfukoni, kete zangu zote anazo!" Kila mtu alicheka. Nahumu aliuliza, "Nani mwingine?" Hapakuwa na mwingine. Akaenda kulala, na jua lilikuwa bado halijatua.

Nakuomba umwangalie. Nasema nakuomba.

Methusela Mgaya


Shule ya Ufundi, Njombe,
19 Machi, 1955

Mwalimu na Shemeji yangu,

Kamwene. Nimekawia kwa kuwa nilitaka kwanza nipate jambo jema la kukuandikia.

Bwana Latimer aliondoka Desemba, wala hatarudi. Kabla ya kuondoka alikwenda hospitalini, akakaa kando ya kitanda cha Enoki asubuhi nzima. Enoki ndiye aliyemfariji. Sasa Enoki yuko kwao Iwawa. Anasema jembe analiweza, ila msumeno hapana.

Mkuu mpya ni mtu mtulivu. Siku ya kwanza aliuteremsha ubao, akaupasua, akautia jikoni. Timu zimekwisha. Alisema, "Sasa jifunzeni." Nami nilifurahi, Shemeji. Nilidhani tutarudi tulikotoka.

Karakana imekufa. Anania amerudi kulala juu ya benchi, na safari hii nikimwamsha ananitazama kama mtu niliyemwibia kitu. Wengine hukaa wakingoja kengele. Nusu ya daraja iliyojengwa na Hagafilo tumeibomoa na kuijenga upya kwa sababu miisho yake ilikuwa inacheza. Niliwaita wanafunzi waje kutazama kosa lilikuwa wapi. Walitazama. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nahumu hagomi wala hafanyi jeuri. Nilimpa mbao mbili, kazi ile ya wageni. Akaunganisha, akaniletea. Nikaitikisa sikioni mwake, nikasema, "Inalia." Akasema, "Ndiyo, Mjomba, inalia." Nikangoja airudishe benchini. Akaniuliza bila ubaya wowote, "Kuna anayehesabu?"

Nimemsifu, nimemgombeza. Nimempa kazi ngumu, nimempa na nyepesi. Nilimpeleka darajani ili awaone akina mama wakivuka na watoto mgongoni. Akanambia, "Wanavuka." Mwisho nilifikiri hata kuutundika ubao mwingine kwa siri, kwa ajili yake peke yake. Nikaogopa.

Ulinikataza kuandika "sijui". Nisamehe, sina neno jingine.

Shemeji yako,
Efraimu Mlowe


Makambako,
2 Aprili, 1955

Mwanangu Nahumu,

Mjomba wako ameniandikia. Sikukasirika.

Nakumbuka siku uliyoniuliza habari za kuta za kanisa. Tangu hapo kila Jumapili nazitazama kenchi zile, nami ni mzee wa kanisa, na wenzangu wanadhani nasali. Bado sijapata jibu. Nilitegemea utajifunza uje unieleze.

Nakuagiza uirudie kazi yako kwa moyo uliokuwa nao ulipotoka hapa. Usiifanye kwa ajili ya ubao, wala kwa ajili yangu. Kama niliwahi kukuandikia neno lililokuzuia, neno hilo nalifuta.

Ukipata barua hii unijibu mara moja.

Baba yako,
Methusela Mgaya


Njombe,
1 Mei, 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo. Usihuzunike kwa barua hii.

Nimejaribu kama ulivyoniagiza. Nilishika randa, nikajiambia kwamba naipenda. Nilingoja. Baba, zamani nilikuwa nikisikia kitu ndani ya mbao, siwezi kukieleza. Siku hizi nasikia mbao tu. Nikimaliza kipande nainua kichwa kutazama mlangoni, kisha nakumbuka kwamba ubao haupo, na mikono inakuwa mizito.

Habari za kuta nimekwisha kuzijua. Chini ya paa kuna boriti inayokaa kati ya ukuta na ukuta, nayo huivuta miguu ya kenchi isiachane. Ni hilo tu. Tulifundishwa mwaka jana, nikasahau kukuandikia kwa kuwa halikuwa na alama.

Neno ulilolifuta, nalikumbuka. Halikuwa neno baya. Mimi ndimi niliyekaa.

Nimeacha shule. Niko kwenye shamba moja la miti ya miwati, nachuna maganda yake. Mjomba alinisindikiza mpaka njia panda, alitaka kunizuia, hakuweza. Kazi ni nzuri. Hapa kila jioni nyapara husoma majina.

Nahumu


Makambako,
25 Julai, 1955

Shemeji Efraimu,

Nimekwenda kumwona. Nilipita Njombe bila kufika kwako; nisamehe, sikutaka kuonana na mtu yeyote kabla yake.

Ndani ya basi nilikuwa nimepanga maneno. Niliyapanga kama nilivyokuwa nikipanga mahubiri, lipi litangulie, lipi lifuate. Nilimkuta msituni, amekonda, mikono yake imekuwa myeusi kwa maji ya maganda. Aliniamkia vizuri. Aliuliza habari za mama yake na za kikohozi chake, lakini hakusimamisha kazi. Mashoka yanalia kila upande, na kila mtu ana lundo lake. Nilisogea karibu ili nianze yale niliyoyapanga.

Akaniambia, "Baba, samahani, usisimame hapo. Unanizuia kumwona Romanus."

Romanus ni kijana Mkatoliki anayechuna miti iliyo kando ya yake. Akasikia, akacheka, akapaza sauti, "Mzee, simama hapo hapo! Mshike na mkono ukiweza, mwanao ametuchosha!"

Nikamwuliza Nahumu kama atarudi shule. Nilimwambia kwamba mkuu mpya angali tayari kumpokea, kama ulivyoniandikia. Akasema, "Labda baadaye. Juma hili siwezi. Romanus amenikaribia mno." Alisema kwa upole kabisa. Hakuwa akinikatalia, Shemeji.

Nikakaa juu ya kisiki nikamngoja. Jioni watu walikusanyika mbele ya kambi. Nyapara akapanda juu ya gogo. Hapakuwa na zawadi wala nyongeza ya posho. Huyataja tu majina, kuanzia la aliyechuna maganda mengi kuliko wote. Palikuwa kimya kama wakati wa baraka. Nahumu alisimama mbele yangu kidogo, nami niliiona shingo yake ilivyokaza.

Nyapara akasoma, "Nahumu Mgaya."

Watu wakapiga makofi. Nami nilisikia makofi mengine karibu yangu kabisa, nikatazama, nikaona ni mikono yangu. Nahumu aligeuka. Aliponiona, uso wake ulifunguka, na alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona kwake tangu alipotoka nyumbani.

Sikuweza tena kumwambia neno lolote. Nilirudi kwa basi la kesho yake.

Hulda alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza habari za mtoto. Nikamwambia ni wa kwanza.

Methusela Mgaya